Chumvi Katika Kisima cha Bi Mwanvua

16 Mei

Ziwa limefungwa tangu jana. Miezi mitatu samaki wapumzike, wazaliane. Mwalo wa Katonga umekuwa kama shule siku ya likizo, vichanja vya dagaa vitupu na kunguru wanatembea juu yake bila wasiwasi. Mimi ni fundi wa mashine za boti. Boti zisipotoka, mimi ni mtu tu aliyekaa na spana.

19 Mei

Nasri, mdogo wake mke wangu Anifa, ameniletea habari ya kazi. Yeye anaendesha Kanta, lori dogo la lile shamba jipya la Bangwe lililozungushiwa mabati. Wanatafuta fundi wa kuangalia pampu na injini ya dizeli.

Nikamuuliza, "Wanalima nini humo?"

"Chumvi, shemeji."

"Chumvi hailimwi."

"Basi wanalimia maji ya chumvi. Njoo uone mwenyewe, mimi sina lugha ya kukueleza."

20 Mei

Nimekwenda. Ndani ya mabati kuna mabwawa mawili yaliyotandikwa nailoni nyeusi nzito, halafu matuta marefu, nayo yametandikwa nailoni chini ya mchanga. Kwenye matuta umeota mmea ambao sijapata kuuona. Hauna majani. Ni vijiti vya kijani vimeungana pingili kwa pingili, kama vidole vya mtoto mchanga.

Mwenye shamba ni binti wa Kasulu, Honorata, umri wa miaka thelathini na kitu, mtaalamu wa kilimo. Alinisalimia vizuri, "Shikamoo Mzee Amuri," akanizungusha kote. Maji wameyaleta na mapipa kutoka kwenye chemchemi za chumvi za Uvinza, wakayachanganya na maji ya ziwa mpaka yakawa na ukali wa maji ya bahari. Ndani wamefuga perege waliozoeshwa chumvi kidogo kidogo. Uchafu wa samaki ndio mbolea, maji ya bwawa yanapelekwa kwenye matuta. Ule mmea unapenda chumvi kama sisi tunavyopenda mawese. Ncha zake ni mboga. Mbegu zake zina mafuta, na mafuta yakipikwa yanaendesha injini ya dizeli.

Nikasema, "Bibi shamba, mbele yako kuna ziwa zima la maji matamu. Kwa nini usumbuke na chumvi?"

"Kwa sababu mchicha na mpunga vinayataka hayo matamu, mzee. Huu mmea haugombanii maji wala shamba na mtu. Uvinza kuna ardhi imekufa kwa chumvi, haioti hata nyasi. Nikionyesha kwamba inawezekana, nitaomba eneo kule."

"Mbona hukuanzia hukohuko?"

"Hapa ni kiwanja cha marehemu babu, baba wa mama yangu. Kule sina hata pa kuweka ndoo."

Jibu zuri. Lilikuja haraka mno.

Kesho naanza.

21 Mei

Naandika hili daftari nyumbani, si lile la saa za pampu ambalo bibi shamba amenipa. Sababu ni hii. Nilipokuwa kijana, walikuja watu kwetu Mwandiga wakamwambia baba yangu kwamba mafuta ya mbono yatawasha magari ya dunia nzima. Baba alikuwa na michikichi sitini na zaidi, aliyoipanda yeye na mama. Wakamwambia aikate apande mbono. Akaikata. Niliishika ile kamba ya kuvutia miti mimi mwenyewe. Mbono ikaota, ikazaa, na hakuna aliyekuja kununua. Ofisi yao pale mjini ikageuka saluni. Baba hakuwahi kusema neno juu ya jambo lile, ila alianza kununua mawese dukani kwa chupa, na kila akinunua alikuwa akiificha ile chupa chini ya kanzu mpaka afike nyumbani.

Baada ya pale kila mtu alikumbuka vingine. Nani aliahidi nini, nani alipiga saini. Hakukuwa na mtu aliyeandika. Safari hii nitaandika.

24 Mei

Pampu nzima. Injini nzee lakini ina moyo.

28 Mei

Wageni watatu na kamera. Walipiga picha vidole vile kama wanapiga picha ya bibi harusi. Honorata aliongea nao kwa Kiingereza, na aliponiona nakaribia akapunguza sauti.

2 Juni

Milima ya Congo imepotea. Watu wameanza kuchoma nyasi na moshi umelala juu ya maji. Ukisimama Bangwe utadhani ziwa halina ng'ambo.

5 Juni

Nimemwaga oili ya Kanta na kuweka mpya. Nasri amepewa kazi ya ziada. Jua linakausha mabwawa, chumvi inabaki, kwa hiyo sasa hatuongezi chumvi bali maji ya ziwa tu. Lakini chini ya bwawa yanajikusanya maji mazito, machafu, chumvi tupu. Kila Jumapili Nasri atayafyonza kwa mapipa na kuyarudisha Uvinza, kwenye mashimo ya zamani ya chumvi. Amekwisha kupewa dizeli ya safari za mwezi mzima. Honorata alimwambia mara tatu mbele yangu, "Hata ndoo moja isimwagike hapa. Umenielewa, Nasri?"

"Nimeelewa, dada."

Nilijiuliza: mbona anasisitiza hivyo mbele ya shahidi?

7 Juni

Idi. Anifa alipika pilau. Nasri alileta mbuzi nusu. Sijui kapata wapi, ila ni kijana mwenye mkono wazi tangu zamani.

11 Juni

Nyuma ya mabati yetu ni kwa Bi Mwanvua. Wazee wake walivuka ziwa kutoka upande wa Congo kabla yeye hajazaliwa. Ana kisima kifupi cha kuchota kwa kamba, na matuta ya lengalenga, matembele na bamia anayouza sokoni asubuhi. Watu nusu ya mtaa wanachota kwake bomba likikauka. Nilipita kumsalimia.

"Marahaba mwanangu. Hebu niambie, huyo binti wa mabati anafanya nini na mchanga wangu?"

"Mchanga gani, Bi Mwanvua?"

"Jana alikuja na vifuko, akaomba mchanga wa kwenye tuta. Nikampa, nikadhani ni wa dawa."

Nimeliandika hilo.

17 Juni

Upepo toka asubuhi. Mabati yanapiga kelele kutwa.

24 Juni

Leo nimemwona kwa macho yangu. Honorata alikuwa na tepu ndefu ya kupimia, amesimama kwenye ua wa Bi Mwanvua, mfanyakazi mmoja ameshika ncha ya pili huku kwetu kwenye bwawa. Alikuwa anaandika. Aliponiona akakunja tepu.

"Unapima nini, bibi shamba?"

"Umbali tu, mzee."

Umbali tu! Mtu hapimi kiwanja cha mwenzake kwa kujifurahisha. Wale wa mbono nao walianza na tepu.

25 Juni

Nilimweleza Nasri. Akacheka. "Shemeji, wewe utaona mwizi hata kwenye kioo." Lakini baadaye, tukinywa chai, akasema kwa sauti ya chini, "Ila ni kweli anataka kupanua. Nimemsikia." Nikamwambia aendelee kusikiliza.

1 Julai

Wamevuna ncha za mmea mara ya kwanza. Nilipewa fungu. Anifa alizichemsha akamwaga maji, akaunga na nyanya na mawese. Si mbaya. Ina chumvi yake yenyewe ndani, huongezi kitu. Nilikula sahani nzima nikamkasirikia bibi shamba kwa kunifanya nile.

7 Julai

Saba Saba. Hakuna kazi.

9 Julai

Bi Mwanvua ameniita dirishani. Amenipa kikombe. Nikanywa. Nikamtazama.

"Siumwi ulimi?" aliniuliza.

"Huumwi."

Maji ya kisima chake yana chumvi. Si kali, kama maji uliyooshea sahani ya ugali na dagaa. Lakini ipo.

14 Julai

Lengalenga ya Bi Mwanvua imeungua kingo za majani. Bamia zinadondosha maua. Watu wameacha kuchota kwake, wanakwenda moja kwa moja ziwani na ndoo.

Nimechunguza nailoni ya mabwawa yote mawili, inchi kwa inchi, nikisingizia natafuta mabomba yanayovuja. Hakuna tundu. Matuta vilevile. Basi chumvi haikutoroka yenyewe. Imepelekwa.

Hesabu yangu ni hii. Mwenye shamba anataka kiwanja cha jirani. Jirani hauzi. Kisima kikiharibika na bustani ikifa, jirani atauza. Mchanga, tepu, na sasa chumvi. Nani anahitaji ushahidi zaidi?

15 Julai

Nimemwambia Bi Mwanvua yote. Alikaa chini kwenye kizingiti.

"Mwanangu Amuri, una hakika?"

"Nina macho."

Halafu nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, nikamwambia naye. Nimerudi nyumbani moyo mwepesi, kama mtu aliyelipa deni la baba yake.

18 Julai

Habari imekwishafika Katonga kabla yangu. Mtu mmoja aliniambia kwamba huyo mwanamke anamwaga sumu ili ziwa lisifunguliwe tena. Nilimwambia mimi sikusema hivyo. Akasema, "Lakini fundi, si ni wewe uliyegundua?"

21 Julai

Jiwe limerushwa ndani ya mabati. Lilianguka kwenye bwawa. Honorata aliliokota, akaliweka juu ya meza yake ya mbao, akaendelea kuandika. Niliona, nikajifanya sioni.

23 Julai

Mwenyekiti ametangaza mkutano Jumamosi saa kumi alasiri, nje ya lango letu. Vijana wamesema watakuja na majembe.

Anifa aliniuliza, "Wakivunja, Nasri atabaki na kazi gani?"

"Atapata nyingine."

"Na wewe?"

"Ziwa litafunguliwa."

"Na yule mtoto wa watu?"



25 Julai

Leo nitaandika mpaka mkono uchoke.

Asubuhi Honorata alinikuta nafuta injini. Macho yake yalikuwa mekundu. Akasema, "Mzee Amuri, kesho sijui itakuwaje. Naomba uniwekee Kanta sawa, oili na breki, huenda nikahitaji kuondoka nayo na mbegu." Nikafikiri: haya, anatoroka na ushahidi. Nikakubali, ili niikague.

Mimi kila nikimwaga oili huandika namba ya kilomita kwa kalamu ya rangi kwenye kipande cha plasta, naibandika chini ya boneti. Ni mazoea tu ya kazi. Nikafungua boneti, nikasoma ya tarehe 5 Juni. Nikaingia ndani, nikasoma saa ya gari. Nikatoka, nikasoma tena plasta. Nikafuta miwani.

Kwenda Uvinza na kurudi ni zaidi ya kilomita mia mbili. Tangu tarehe 8 Juni zimepita Jumapili saba. Gari lilitembea kilomita mia moja na nne. Jumla. Kwa wiki saba.

Nikasema labda saa imekufa. Nikaiwasha Kanta, nikaendesha mpaka Katonga nikarudi, macho kwenye saa. Ilikuwa inahesabu vizuri kabisa.

Nikazunguka nyuma ya mabati, mahali ambapo sina kazi napo. Pana shimo lililochimbwa udongo wakati wa kujenga. Lilikuwa limefunikwa makuti ya mchikichi. Nikayaondoa. Kuta za shimo zilikuwa nyeupe, gamba la chumvi limekauka kama ukoko wa wali chini ya sufuria. Nyayo za matairi zilifika mpaka ukingoni. Nikapiga hatua mpaka kisima cha Bi Mwanvua. Arobaini na moja.

Jumapili mimi siji kazini. Jumapili Honorata yuko kanisani, halafu kwa shangazi yake huko Gungu. Jumapili shamba ni la Nasri peke yake.

Nilimkuta kwenye mashine ya kusaga, anapiga soga. Nikamvuta pembeni.

"Nasri, maji machafu unayapeleka wapi?"

"Uvinza, shemeji. Wewe si unajua."

"Nimesoma kilomita."

"Saa ya gari ile mbovu."

"Nimeijaribu."

Aliangalia viatu vyake. Kisha akasema maneno haya, nayaandika kama alivyoyasema: "Mara ya kwanza springi ilikatika pale karibu na njia panda. Nikarudi. Nikasema nitamwaga hii moja tu, wiki ijayo nitakwenda. Wiki ijayo nikaona mbona hakuna kilichotokea. Ni maji tu, shemeji."

"Na dizeli ya safari?"

Aliitupia macho mashine ya kusaga nyuma yetu. Nayo ilikuwa inanguruma kwa dizeli ya Honorata.

"Mbuzi wa Idi," nikasema.

"Ulimla na wewe."

Kweli. Nilimla.

"Na ulipokuwa unasikia ninavyomsema yule binti, ulinyamaza?"

"Wewe ndiye ulikuwa unasema. Mimi niliitikia tu." Halafu akanishika mkono, sauti ikabadilika, akawa yule mtoto niliyemkuta nyumbani kwa wakwe akiwa na miaka minne. "Shemeji, kesho wataamua wenyewe. Wewe usiseme kitu. Na usimwambie dada Anifa."

Nimerudi nyumbani. Anifa amenitengea chakula, ameniuliza kama ninaumwa. Nimesema kichwa. Sijamwambia. Nikimwambia atakwenda kwa mdogo wake, na mdogo wake atapanda boti ya mizigo kwenda Kalemie, ng'ambo, kabla ya mkutano. Nimelifikiria hilo, nikanyamaza.

Kukaa kimya ni rahisi sana. Kesho majembe yatafanya kazi, Honorata ataondoka, na kila mtu atasema fundi Amuri aliona mbali.

26 Julai

Walikuwa zaidi ya mia. Majembe nilihesabu kumi na manne, nikaacha kuhesabu. Mwenyekiti alikaa kwenye kiti cha plastiki. Honorata alisimama peke yake mbele ya lango, na kitenge cha mama yake begani. Bi Mwanvua aliletewa kigoda.

Mwenyekiti alianza, "Fundi Amuri ndiye aliyetuletea jambo hili. Fundi, waeleze wananchi."

Nilisimama. Niliona Anifa katikati ya wanawake. Niliona Nasri, ameegemea pikipiki ya mtu, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi.

Nikasema, "Nilisema kwamba chumvi ilipelekwa kisimani kwa makusudi ili Bi Mwanvua auze kiwanja. Nilisema hivyo kwa watu wawili, na watu wawili wakawa mtaa mzima. Nilikosea. Chumvi imetoka kwenye shimo hapo nyuma. Aliyekuwa anaimwaga ni dereva, Nasri, shemeji yangu. Alitakiwa kuipeleka Uvinza. Gari halijafika Uvinza tangu mwezi wa sita. Anayetaka kuhakikisha, namba ziko chini ya boneti na shimo liko wazi."

Kelele zikaanza zote pamoja. Vijana walimzunguka Nasri. Mmoja alimkwida shati. Mwenyekiti alipiga makofi, akapayuka, na aliyewanyamazisha si yeye, ni Bi Mwanvua. Alinyanyuka kwenye kigoda, akapita katikati yao mpaka kwa Nasri, akamwuliza, "Wewe mtoto, ulikuja kwangu mara ngapi kuomba maji ya kunywa ukitoka kumwaga?"

Nasri alilia. Hapo wale vijana wakamwachia shati.

Nilidhani imekwisha. Lakini Honorata akasema, "Na mimi nina la kusema." Watu wakageuka. "Mchanga wa Bi Mwanvua niliuchukua ili nipime chumvi, kila mwezi, ndiyo kanuni ya kazi hii. Umbali wa kisima niliupima kwa sababu hiyohiyo. Tarehe kumi na mbili ya mwezi huu kipimo kilinionyesha kwamba kisima kimeingia chumvi. Nilijua wiki mbili zilizopita. Sikusema. Niliogopa mtafunga shamba kabla mbegu hazijakomaa. Nilidhani nitapata tundu nilizibe kimyakimya."

"Wiki mbili!" Bi Mwanvua alisema. "Nikawa nakunywa."

"Ndiyo, bibi. Naomba unisamehe."

Kwa hiyo sikuwa mwendawazimu kabisa. Alikuwa anaficha kitu. Nilichokosea ni kitu chenyewe. Ajabu ni kwamba hilo halikunipa raha hata kidogo.

Wameamua hivi. Shamba lifungwe ndani ya wiki tatu, maji yote yaende Uvinza kweli, na mwenyekiti atume mtu apande garini. Shimo lichimbuliwe, udongo wake uondolewe. Nasri atachota maji ya ziwa kumwagilia bustani ya Bi Mwanvua na kujaza mitungi yake, na kukikomba kisima kila siku mpaka kirudi kuwa kitamu. Polisi hawakuitwa, kwa ajili ya Bi Mwanvua, aliyesema maaskari hawachoti maji.

Nyumbani Anifa alikuwa amekaa kitandani na baibui yake bado mwilini.

"Ulijua tangu jana."

"Tangu jana mchana."

"Ukalala hapa. Ukala chakula changu. Ukaenda kumvua nguo mdogo wangu mbele ya watu mia."

"Ningekwambia ungemtorosha."

"Miaka ishirini na sita, Amuri. Ungeniuliza kwanza. Ningemshika mkono mwenyewe nimlete pale aseme kwa mdomo wake. Lakini wewe uliona mimi na Nasri na yule binti wote ni kitu kimoja."

Hajasema neno lingine.

27 Julai

Hasemi.

29 Julai

Hasemi. Chakula kipo, cha moto, na mgongo wake.

Nasri alianza saa kumi na mbili asubuhi. Safari kumi na nane na ndoo mbili mbili. 

2 Agosti

Kanta imekwenda Uvinza. Nilisoma kilomita ilipoondoka na iliporudi. Siwezi kujizuia.

Honorata aliniona nasoma. Akasema, "Soma tu, mzee. Na mimi nimesoma."

4 Agosti

Perege wamevuliwa. Honorata alimpa Bi Mwanvua ndoo ya kwanza, iliyobaki ikagawiwa mtaani. Wale waliokuja na majembe walikuja na masufuria.

6 Agosti

Mbegu zimekomaa mapema kuliko alivyotarajia, anasema ni kwa sababu siku zetu ni fupi kuliko za nchi zinakotoka. Ni ndogo kama mchanga. Tulizikamua kwa mkono siku mbili, kisha akapika mafuta kwa dawa zake, akayaacha yatulie. Tulipata lita moja na robo. Matuta yote yale, lita moja na robo!

Akasema, "Haitoshi kitu, najua. Lakini nataka nijue."

Nilimwaga dizeli yote, nikasafisha bomba, nikaweka yale mafuta. Nilikuwa nataka ikatae. Nasema ukweli. Nilitaka injini ikohoe mara moja inyamaze, ili uchungu wa baba yangu uwe na haki. Nikazungusha. Ikakohoa. Nikazungusha tena, ikashika. Mlio ulikuwa laini kuliko wa dizeli ya petroli steshen, na moshi ulinukia kama mtu anakaanga kitu jirani. Pampu ikavuta maji. Tulisimama tunaangalia maji yanavyotoka, dakika arobaini na tatu, mpaka ikazima.

Honorata alikuwa anafuta machozi kwa mgongo wa mkono. Mimi nilikuwa naangalia kichujio cha mafuta, kilikuwa safi. Nikasema, "Hii si mbono."

"Kwani nani alisema ni mbono?"

Ndipo nikamweleza habari za baba. Ni mtu wa kwanza kumweleza nje ya nyumba yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuniambia kwamba hii itakuwa tofauti. Nimemheshimu kwa hilo.

8 Agosti

Nane Nane. Anifa alikwenda kwa Bi Mwanvua kumsaidia Nasri kuchimbua shimo. Sikualikwa. Nilikwenda na koleo langu, nikachimba upande wa pili.

12 Agosti

Honorata ameondoka na treni, na mbegu kwenye kopo la maziwa ya unga. Uvinza wamempa eneo dogo la kujaribia, si alilotaka. Aliniuliza kama nitakwenda kumfungia pampu. Nimesema nitafikiri. Bado namwona akinyamaza zile wiki mbili. Na nadhani naye bado ananiona nimesimama kwa mwenyekiti.

15 Agosti

Ziwa limefunguliwa. Mashine sita zimeletwa kabla sijanywa chai. Katonga imelipuka kwa watu. Migebuka ya kwanza imetoka minene.

16 Agosti

Mwenyekiti amepita kwa Bi Mwanvua asubuhi, ameonja kisima, ametangaza kwamba kimepona na jambo limekwisha. Mtu aliyetumwa na Honorata naye amesema kipimo kinaridhisha. Nasri amechoka, mabega yameota malengelenge, na boti moja ya mizigo imemwahidi kazi akiwa huru leo. Akanifuata karakana. "Shemeji, Bi Mwanvua anakuita. Anasema haamini mpaka uonje wewe."

Nilifuta mikono nikaenda. Anifa alikuwepo, amekaa ukingoni mwa kisima na kamba mkononi. Bi Mwanvua kwenye kigoda. Nasri alisimama na ndoo zake mbili tupu. Anifa alivuta maji, akachota kikombe, akaniletea. Hakuniangalia usoni. Zilikuwa siku ishirini na moja tangu aseme nami.

Nikanywa funda moja. Nikalikalisha mdomoni. Nikanywa la pili. Wote walikuwa wananitazama, na Nasri zaidi, maana boti yake ilikuwa inaondoka saa nane. Kidogo sana. Mtu mwingine asingeisikia. Mwenyekiti hakuisikia, au alikuwa na haraka.

Nikasema, "Bado ina chumvi."

Nasri alifumba macho. Halafu akaokota ndoo zake, akashuka kuelekea ziwani.

Anifa alichukua kikombe mkononi mwangu, akamwaga maji yaliyobaki kwenye mchanga.

"Hata mimi niliionja hivyohivyo," alisema.